Hadubini ya Macho Mawili

Swali: Daktari wa macho alikuwa akifanya upasuaji huku akichungulia hadubini. Je, ni ileile ya kupimia malaria?

Jibu: Hapana. Ya maabara hukuza tone la damu hadi mara 1,000, lakini picha yake ni bapa, na lenzi hukaribia kuigusa slaidi. Mkono wenye kisu ungepita wapi? Ya upasuaji hukuza kidogo tu, aghalabu mara 4 hadi 25. Ina njia mbili za mwanga: kila jicho hupata taswira kutoka pembe tofauti kidogo, na ubongo huziunganisha kuwa umbo lenye kina.

Bila kina hicho, daktari anayeondoa mtoto wa jicho hawezi kujua kama ncha ya kifaa imeshaugusa utando wa nyuma wa lenzi ya jicho, ulio mwembamba kuliko unywele. Uzi namba 10-0 wa kushonea konea haufiki unene wa milimita 0.03. Mikono ikiwa kazini, mguu hukanyaga pedali kurekebisha picha.

Ajabu ni kwamba upasuaji wa hadubini ulianzia sikioni, huko Sweden. Daktari Carl-Olof Nylén alitumia hadubini ya jicho moja mwaka 1921. Mwaka uliofuata daktari mwenzake Gunnar Holmgren akaleta ya macho mawili.