Toti za Barafu kwa Tangawizi ya Buhigwe

Tangawizi ya Buhigwe, mkoani Kigoma, ni kali, na ukali huo hunoga ukinywewa kwa toti, funda moja au mawili. Mwenye friza anaweza kuzitengeneza toti zenyewe kwa barafu.

Anza na maji. Yachemshe, yaache yapoe, ndipo uyagandishe. Wengi huamini kwamba ubaridi huua vijidudu, sivyo. Vingi vya kuharisha hustahimili kuganda, barafu ikiyeyuka viko hai. Hapa mgeni anakunywa na chombo chenyewe, kwa hiyo usilegeze hata kidogo.

Kata chupa ya maji ya nusu lita, ubakize kitako chenye kimo cha vidole vinne. Mimina maji ya sentimita 2, yagande. Juu yake simamisha kikombe kidogo cha plastiki, chembamba chini na kipana juu, kiasi kwamba inabaki nafasi ya sentimita moja kukizunguka. Kitie kokoto safi kisielee, kishikize katikati kwa selotepu, kisha mimina maji pembeni. Usijaze hadi ukingoni, kwani maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Acha usiku kucha.

Kutoa, ondoa kokoto, tia maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe, kizungushe polepole mpaka kiachie. Chupa ya nje ichovye kwenye maji ya bomba. Kisu usikiguse, barafu itapasuka.

Mkoa wa Kigoma ulianza kupata umeme wa gridi ya taifa mwaka 2022, lakini umeme hukatika popote. Tengeneza siku moja kabla ya shughuli, funga kila toti kwenye mfuko safi, ziweke chini kabisa ya friza na usifungue ovyo.

Tangawizi iparuze, ichemshe, ichuje, tia asali na ndimu. Ifanye kali kuliko kawaida, maana barafu itaizimua, na iwe imeshapoa kwenye friji. Kinywaji cha moto hupasua toti papo hapo. Konyagi nayo inafaa, ila pombe hula barafu upesi: mimina mgeni akiwa tayari.

Toa toti juu ya visahani, pamoja na leso za karatasi za kushikia. Zisizotumika zitie kwenye jagi la juisi.