Bei ya Wembamba

Kompyuta ambayo mtu aweza kuiweka mapajani na kufanya kazi huitwa kompyuta ya mpakato, kwa kuwa mwenyewe huipakata kama mama apakatavyo mtoto. Jina hilo ni zuri, walakini kompyuta za kwanza za kusafiri hazikupakatika hata kidogo. Mwezi wa Aprili mwaka 1981, huko Marekani, ilitokea kompyuta iitwayo Osborne 1. Ilifanana na sanduku la cherehani, ina mkono wa kushikia, na uzito wake ulikuwa kilo 11. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, kipimo cha pembe hata pembe. Tena haikuwa na betri ndani yake, hata msafiri alipofika aendako ilimlazimu kwanza kutafuta umeme ukutani. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Watu waliinunua kwa furaha, maana kabla ya hapo kompyuta kwa kawaida ilikaa mahali pamoja, nayo kwa nadra ilifuatana na mwenyewe.

Tangu siku hizo mafundi wamejitahidi kupunguza mzigo huo. Tarehe 15 Januari 2008, katika mji wa San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alisimama mbele ya mkutano wa watu wengi akashika bahasha ya karatasi, ya namna ile itumikayo ofisini kutilia hati. Akaifungua, akatoa ndani yake kompyuta nzima. Iliitwa MacBook Air, na neno hilo la mwisho maana yake ni hewa. Mahali pake palipokuwa panene kuliko pote palikuwa na milimita 19.4, na ukingoni palipo pembamba milimita 4. Uzito wake ulikuwa kilo 1.36, na kioo chake inchi 13.3. Bei ilikuwa dola 1,799, yaani dola nne tu zaidi ya ile Osborne, ingawa dola ya mwaka 2008 haikuwa na nguvu ya dola ya mwaka 1981.

Watu walipiga makofi. Lakini mtu mwenye kufikiri, akiona kitu kikubwa kimetiwa katika bahasha, hujiuliza: je, vitu vilivyokuwamo ndani ya kompyuta nene vimekwenda wapi?

Vingine vilitolewa kabisa. Hapakuwa na mahali pa kutilia sahani za DVD. Aliyezitaka alinunua chombo cha pembeni kwa dola 99. Hapakuwa na tundu la waya wa mtandao. Aliyelitaka alinunua kiunganishi kwa dola 29. Tundu la USB lilikuwa moja tu, hivyo aliyetaka kutumia vyombo viwili kwa mara moja ilimbidi anunue kigawanyo. Diski yake ilikuwa ya namna ndogo kabisa, nayo ilizunguka polepole kuliko diski za kompyuta nyingine za wakati ule. Kumbukumbu yake ililehemiwa katika bamba la ndani, hata mnunuzi hakuweza kuiongeza baadaye. Na betri ilifungiwa ndani, ambapo kompyuta nyingi za siku zile betri yake ilichopolewa kwa kidole na kutiwa nyingine.

Habari ya betri yafaa isimamiwe kidogo. Betri za namna hii huchakaa kwa kujazwa na kutumiwa. Ile ya MacBook Air ya mwaka 2008 ilikadiriwa kujazwa mara 300 kabla ya kupungua nguvu zake. Mtu aliyeimaliza na kuijaza kila siku alifika mara hizo 300 katika miezi kumi tu. Mwenye kompyuta nene, betri yake ikichoka, alikwenda dukani akanunua nyingine akaitia mwenyewe. Mwenye kompyuta nyembamba alikwenda kwa fundi. Palipo na fundi karibu, si neno kubwa. Pasipo na fundi, jambo hilo ni zito kuliko kilo zote zilizopunguzwa. Baadaye kampuni iliboresha betri zake, na za tangu mwaka 2010 zikakadiriwa mara 1,000, lakini zilibaki zimefungiwa ndani vilevile.

Hasara nyingine ya wembamba yaonekana kwa rula ya shule. Shika rula ya mbao kwa mikono miwili uipinde kwa ubapa wake: itapinda bila shida. Kisha igeuze, uijaribu kwa ukingo wake: haikubali. Mbao ni ile ile, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kina cha mbao upande unaosukumwa. Wenye elimu ya hesabu wamepima jambo hilo wakaona kwamba bamba likipunguzwa unene wake kwa nusu, ugumu wake haubaki nusu, bali hubaki thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Ndiyo sababu kompyuta nyembamba mara nyingi hutengenezwa kwa alumini wala si kwa plastiki dhaifu, na ndiyo sababu kifuniko chake chenye kioo hakipendi kubanwa mfukoni chini ya vitabu vizito, au kukaliwa na abiria ndani ya basi.

Tena liko joto. Kila umeme unapofanya kazi ndani ya kompyuta hugeuka kuwa joto, nalo lazima litoke. Katika kompyuta nene feni huvuta hewa na kuipitisha penye vipande vya shaba vilivyopata moto. Kompyuta ikiwa nyembamba sana, feni huwa ndogo, nayo lazima izunguke mbio na kupiga kelele ili ifanye kazi ile ile. Au huondolewa kabisa. Pasipo na feni, prosesa, ambayo ndiyo kama ubongo wa chombo hiki, ikiona joto limezidi hupunguza mwendo wake yenyewe, kama punda mwenye mzigo apandaye mlima. Kuandika barua na kusoma habari hakuleti shida, maana ni kazi nyepesi. Kazi ndefu, kama ile ya kutengeneza picha za sinema, ndiyo itakayoionyesha udhaifu wake. Walakini kukosa feni kuna faida pia: chombo ni kimya kabisa, wala hakivuti vumbi ndani.

Hayo ya vumbi yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2015 Apple ilitoa kompyuta nyembamba zaidi, yenye kioo cha inchi 12, unene wa milimita 13.1 na uzito wa gramu 920. Haikuwa na feni. Ilikuwa na tundu moja tu la kupitisha umeme na vyombo vyote, mbali na tundu la kusikilizia. Hivyo mtu aliyekuwa akiijaza betri hakuweza kuchomeka kitu kingine bila kiunganishi. Lakini wembamba huo haukupatikana kwa kupunguza matundu peke yake. Ilipasa vitufe vya kuandikia navyo vipunguzwe.

Chini ya kila kitufe cha kibodi ya kawaida ya mpakato pana vipande viwili vidogo vilivyopishana kama mkasi. Kitufe kikibonyezwa mkasi hufunga, kikiachwa hufunguka. Apple iliuacha mkasi ikatunga mtindo mwingine ulioitwa kipepeo, kwa kuwa vipande vyake hutandaza mabawa. Kampuni ilisema kwamba mtindo huo ulikuwa mwembamba kuliko mkasi kwa asilimia 40. Kitufe kilishuka kidogo mno, hata waandishi wengi walisema ni kama kugonga meza kwa vidole; wengine wakakizoea. Shida kubwa ilikuwa nyingine. Katika kibodi ya zamani chembe ya vumbi au punje ya mkate ikianguka kati ya vitufe hupata mahali pa kukaa, wala haizuii kazi. Katika kibodi ya kipepeo hapakuwa na nafasi hiyo. Chembe moja ikiingia, kitufe hukataa kushuka, au herufi moja huandikwa mara mbili, au haiandikwi kabisa. Fikiri mtu aandikaye barua ya kuomba kazi kwa kompyuta isiyotaka kuandika herufi A!

Mtindo huo ulitiwa pia katika kompyuta kubwa za Apple mwaka 2016, na katika MacBook Air mwaka 2018. Kampuni iliurekebisha zaidi ya mara moja, hata ikatandika utando laini chini ya vitufe. Mwezi wa Juni mwaka 2018 ikatangaza kwamba kibodi zilizoharibika zitatengenezwa bure. Na kutengeneza kwenyewe hakukuwa jambo dogo, kwa kuwa katika baadhi ya kompyuta hizo kibodi ilikazwa pamoja na ganda la juu, na betri ikagandishwa pale pale kwa gundi. Basi fundi aliyetaka kuondoa kibodi moja alibadili ganda zima na betri yake, kwa ajili ya chembe ya vumbi. Wanunuzi wa Marekani walipeleka kesi mahakamani, na mwaka 2022 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 50 ili kesi imalizike, pasipo kukiri kosa.

Mwezi wa Novemba mwaka 2019 mkasi ulirudi, katika kompyuta yenye kioo cha inchi 16. Unene wake ulikuwa milimita 16.2, ambapo ile iliyotangulia ilikuwa na milimita 15.5. Tofauti ni kama unene wa kadi ya benki. Uzito nao uliongezeka ukafika kilo 2, maana kioo na betri vilikuzwa pia. Mwaka 2021 kompyuta kubwa za kampuni hiyo zikarudishiwa matundu yaliyokuwa yameondolewa, kama lile la kupelekea picha kwenye kioo kikubwa na lile la kutilia kadi ya kamera. Watu waliotumia kompyuta kwa kazi nzito hawakulalamika kwamba zimenenepa.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba wembamba ni ujinga mtupu. Ufundi ukiendelea, bei ya wembamba hushuka. MacBook Air ya mwaka 2010 iliacha diski ya kuzunguka ikatumia kumbukumbu isiyo na kitu kiendacho ndani yake, nayo ikawa nyepesi na ya haraka pamoja. Ndogo yake iliuzwa dola 999. Ile ya Novemba mwaka 2020 ilitiwa prosesa mpya itumiayo umeme kidogo, na umeme ukiwa kidogo, joto nalo huwa kidogo. Haikuwa na feni, na bado ilifanya kazi nzito kuliko nyingi zenye feni. Kompyuta ya mwaka 2008 iliahidiwa saa 5 kwa betri moja. Hii iliahidiwa saa 18 za kutazama sinema. Kilichotatua shida hapo ni prosesa, si ganda.

Tena si kila kasoro ya kompyuta nyembamba yatokana na wembamba wenyewe. Mwaka 2021 kampuni nyingine ya Marekani, iitwayo Framework, iliuza kompyuta ya kilo 1.3 yenye unene wa milimita 15.85, nyembamba kuliko ile iliyotoka katika bahasha. Ndani ya sanduku lake mnunuzi alikuta bisibisi. Kwa bisibisi hiyo aliweza kuifungua mwenyewe akabadili betri, kumbukumbu, kibodi na hata matundu ya ubavuni. Basi muuzaji akisema betri haibadiliki kwa sababu ya wembamba, asemayo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mtengenezaji alichagua gundi badala ya parafujo.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi husahau. Wepesi na wembamba si kitu kimoja. Bega halijui milimita. Bega lajua kilo. Mwanafunzi wa chuo atembeaye saa nzima kwenda darasani hufaidiwa sana na kompyuta ya kilo moja badala ya kilo mbili na nusu, lakini ikiwa nene kwa milimita tatu hataona tofauti. Wembamba huonwa na macho dukani, wepesi huonwa na mwili njiani. Na mzigo hupimwa mzima: kompyuta, chaja, kigawanyo, na viunganishi vyote vilivyonunuliwa kwa ajili ya matundu yaliyokosekana.

Kwa hiyo chombo kimoja chaweza kuwa chema kwa mtu mmoja na kibaya kwa mwenzake. Mwandishi wa habari apandaye ndege kila juma, mwenye ofisi mjini iliyo na mafundi, atanunua nyembamba na kufanya vema. Mwalimu mkuu wa shule ya bara ana mambo mengine. Kompyuta yake ni moja, imenunuliwa kwa akiba ya miaka, nayo yapasa kudumu. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kwa madirisha yote. Fundi yuko mjini, safari ya siku nzima kwa basi, na matokeo ya mitihani hayangoji fundi.

Mwalimu wa namna hiyo aingiapo dukani, muuzaji humwonyesha kwanza ile iliyo nyembamba kama daftari.

"Karibu, mwalimu. Ishike uone ilivyo nyepesi."

"Ni nyepesi kweli, mwanangu. Betri yake ikifa?"

"Hiyo huletwa kwetu, mwalimu, tukaipeleka Dar es Salaam."

"Na kibodi?"

"Vilevile."

"Basi nionyeshe na ile nene iliyo nyuma yako, kisha uigeuze chini juu, nihesabu parafujo."