Programu ya Kompyuta na Chapa ya Mzani

Mzani wa chama hauaminiwi kwa sababu ni mpya, wala kwa sababu aliyeuleta ni mtu mwema. Huaminiwa kwa kuwa Wakala wa Vipimo huuhakiki kila mwaka kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, kisha huupiga chapa. Mkulima wa kahawa wa Ngara au Biharamulo, hata yule asiyejua kusoma, ana haki ya kuitazama chapa hiyo kabla ya kupandisha gunia lake. Barabarani hali ni hiyo hiyo. Katika njia panda ya Nyakanazi, mahali ambapo barabara itokayo Kigoma kwa njia ya Kibondo na Kakonko hukutana na ile itokayo Kahama kwenda Rusumo na Kabanga, hupita malori ya Rwanda na Burundi yaliyo chini ya kanuni moja ya Afrika Mashariki: gari pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56. Dereva apimwaye nyuma na kupimwa tena mbele hutazamia kanuni ile ile.

Lakini siku hizi mzani hauimalizi kazi ya kupima. Gunia likishateremshwa, ni programu ya kompyuta au ya simu ambayo huzidisha kilo kwa bei, hukata deni la pembejeo, huandika salio la mwanachama na kutoa stakabadhi. Programu hiyo ni mzani wa pili, na mwanachama hawezi kuuona. Hauna mahali pa kupigwa chapa. Hapana budi basi kuuliza ni kitu gani kinachosimama badala ya chapa.

Swali hili lina umri mrefu kuliko kompyuta nyingi zilizomo vyamani. Mwaka 1968 wataalamu walikutana katika mji wa Garmisch, Ujerumani Magharibi, kwa kuwa programu kubwa za wakati ule zilikuwa zikichelewa, zikizidi gharama iliyokadiriwa, na zikiharibika mikononi mwa wenye kuzitumia. Mkutano huo ndio ulioeneza jina la uhandisi wa programu, yaani fikira kwamba programu ijengwe kwa utaratibu kama lijengwavyo daraja. Baadaye, mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lenye makao yake Geneva, likishirikiana na tume ya kimataifa ya mambo ya umeme, IEC, lilitoa kiwango kiitwacho ISO/IEC 12207. Kilisahihishwa mwaka 2008 na tena mwaka 2017. Tanzania inawakilishwa katika ISO na Shirika la Viwango, TBS, lile lile ambalo alama yake huonekana kwenye mabati na mifuko ya saruji.

Kiwango hicho hakisemi programu iandikwe kwa lugha gani wala iwe na sura gani. Kinaeleza kazi zinazopaswa kufanyika katika maisha yote ya programu: kupatana baina ya mnunuzi na muuzaji, kueleza mahitaji, kubuni, kuandika, kujaribu, kuendesha, kutunza, na mwisho kuiondoa kazini. Toleo la mwaka 2017 linazitaja taratibu 30 katika mafungu manne. Jambo la kutiliwa mkazo ni hilo la maisha yote. Vyama hudhani kuwa kazi ngumu ni kununua. Programu ikishalipiwa na kuonekana inakwenda, huhesabiwa kuwa imekamilika kama jengo la ghala. Kumbe ghala halibadilishwi umbo usiku na fundi aliye Mwanza.

Ichukuliwe mfano wa chama cha kubuni chenye wanachama 400. Msimu wa kwanza programu ilipokea uzito hadi sehemu ya kumi ya kilo, na hesabu zote zikaenda sawa. Kabla ya msimu wa pili fundi aliombwa kwa simu aifanye itoshe katika kioo kidogo cha simu ya karani. Akaifanya. Katika kuondoa tarakimu zilizojaza kioo, aliiacha programu ikipandisha kila uzito hadi kilo kamili inayofuata: kilo 37.2 zikaandikwa 38. Hakuna aliyeliandika badiliko hilo mahali popote, na hakuna aliyeijaribu programu upya, kwa sababu mwaka uliopita ilikuwa imejaribiwa.

Ikiwa kila mwanachama alileta kahawa mara tatu, ni mara 1,200 za kupokea. Kila mara imeongezwa karibu nusu kilo kwa wastani. Mwisho wa msimu daftari linaonyesha karibu kilo 600 ambazo ghalani hazimo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni upungufu wa shilingi 1,800,000. Mkaguzi anapofika, atamwuliza nani? Ufunguo wa ghala unao mwenyewe, na saini iliyo chini ya hesabu inaye mwenyewe. Fundi hayumo ndani ya chumba. Katibu atasema hakuchukua hata punje, na kompyuta itasema vingine.

Yaliyotokea Uingereza yanaonyesha kwamba mfano huu si hofu ya bure. Kuanzia mwaka 1999 ofisi ndogo za posta za nchi hiyo ziliwekewa mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ulionyesha upungufu katika ofisi nyingi, na wakuu wa ofisi hizo, ambao mkataba wao uliwataka wafidie, wakashitakiwa kwa wizi na udanganyifu. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Wakuu 555 waliungana na kufungua kesi yao wenyewe, na mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu, na kwamba wafanyakazi wa kampuni iliyouendesha waliweza kubadili hesabu za ofisi kutoka mbali bila mwenye ofisi kujua. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta nyingine kwa mamia. Ilichukua miaka 20 kwa wanyonge hao kuaminiwa mbele ya mashine. Nao walikuwa na mawakili.

Kinachosimama badala ya chapa, basi, ni maandishi yanayoifuata programu katika kila hatua ya maisha yake. Si lazima yawe mengi. Kiwango chenyewe kinaruhusu taratibu zipunguzwe zilingane na ukubwa wa kazi, na mwaka 2011 ISO na IEC walianza kutoa mfululizo mwingine, ISO/IEC 29110, kwa ajili ya vikundi vya watu wasiozidi 25, kwa kutambua kuwa programu nyingi duniani huandikwa na vijana watatu au wanne katika chumba kimoja. Chama kikijaza kabati karatasi zisizosomwa kitakuwa kimepata hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Yafaa mahitaji yaandikwe kwa maneno ambayo mjumbe wa bodi anaweza kuyasoma kwa sauti: uzito uandikwe hadi sehemu ya kumi ya kilo, makato yaonekane kwenye stakabadhi, kosa lirekebishwe kwa ingizo jipya bila kufuta la zamani. Majaribio nayo yafanane na mawe ya mzani. Katibu na mhasibu huandaa mapokezi 20 ambayo majibu yake wameyakokotoa kwa mkono, wakichanganya uzito wenye nusu, mwanachama mwenye deni kupita malipo yake, na majina mawili yanayofanana. Kisha huyaingiza na kulinganisha. Karatasi hiyo hutiwa saini na kutunzwa. Kila badiliko, hata dogo kama la kioo cha simu, liombwe kwa barua, lipewe tarehe, na mapokezi yale yale 20 yaingizwe tena kabla ya kununua kilo ya kwanza. Katika chama cha mfano kazi hiyo ingechukua asubuhi moja, na kilo 37.2 zingejitokeza kabla ya saa nne.

Mwisho wa maisha ya programu husahauliwa zaidi. Kampuni ikifungwa, daftari la wanachama li mikononi mwa nani? Mkataba useme kwamba taarifa ni mali ya chama na zitarudishwa katika hali inayosomeka, maana majina, namba za simu na akaunti za wanachama zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Isidhaniwe kuwa serikali imekwisha kulimaliza jambo hili kwa niaba ya vyama. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa usimamizi wa vyama, MUVU, na utunzaji wake uko juu ya Tume. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imewekwa kwa ajili ya taasisi za umma. Chama cha msingi ni mali ya wanachama wake. Kinapojinunulia programu ya mapokezi au malipo, kinga yake ya kwanza ni mkataba na maandishi yaliyomo ndani ya kabati lake.

Maswali ya kujadiliwa katika kikao cha bodi: Programu inayotumiwa na chama ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na nani aliomba ibadilishwe? Je, nje ya ofisi ya chama yuko mtu awezaye kubadili salio la mwanachama, na akifanya hivyo chama kitajuaje? Hesabu za msimu uliopita zingeweza kukokotolewa upya kwa mkono kutokana na stakabadhi zilizopo? Ikiwa haziwezi, ni stakabadhi zipi zinazokosekana?