Barua Pepe Bila Mtandao: Sehemu Isiyoonekana

Mnunuzi wa parachichi akiuliza bei asubuhi, hangoji hadi jioni. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Njombe au Makambako anayetumia Gmail anahitaji nakala za barua ndani ya kompyuta yake. Mtandao ukikatika atasoma na kuandika jibu. Litakaa kwenye foleni na kuondoka mtandao ukirudi.

Tatizo ni kwamba wengine hufungua Mipangilio wasione sehemu ya "Nje ya mtandao". Tazama kwanza kivinjari. Huduma hii imetengenezwa kwa ajili ya Chrome, tena si katika dirisha la hali fiche. Ndani ya Firefox utaitafuta bure. Anwani ikiwa ni ya kampuni, msimamizi wake ndiye mwenye ruhusa, hivyo mpigie simu badala ya kuhangaika na vitufe.

Ukiipata, iwashe mtandao ukiwepo, uchague siku 7, 30 au 90. Kwetu sisi 30 zinatosha, maana 90 hula nafasi ya diski. Kwenye kompyuta ya kukodi usiiwashe kamwe: atakayekaa baada yako anaweza kusoma bei zako.