SOMO: KUMUINGIZA MSHIRIKA MPYA KATIKA KAMPUNI

Amma baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu ni katika mambo ya ushirika, na khasa kampuni ile ambayo watu huiita "limitedi". Maana yake ni kampuni ambayo dhima ya wenyewe ina mpaka: ikifilisika, mwenye hisa hadaiwi zaidi ya kile alichobakisha kulipa katika hisa zake. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah waliitazama kampuni ya namna hii mwaka 1992 wakaona haina makatazo, kwani wanaoamiliana nayo wanaujua mpaka huo, na palipo na kujua hapana kughuriwa.

Desturi ya miji yetu ni hii: ndugu wawili hufungua duka, wakaliandikisha kuwa kampuni. Biashara ikikua, wa tatu hutoa fedha zake, wakapeana mikono, wakasoma Fatiha, na tangu siku hiyo akaitwa mshirika. Miaka ikapita, yule wa tatu akafa. Mjane na mayatima wakaja kuuliza fungu lao, wakafunuliwa daftari, na jina la marehemu halimo. Basi fedha ile ilikuwa karadha, au hiba, au hisa? Na kama ni hisa, ngapi? Mmoja katika waliojua amezikwa, na waliobaki husema walitakalo.

Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 imebainisha jambo hili. Ukiwatoa waanzilishi waliotia saini kampuni ilipoundwa, mwanachama ni mtu aliyekubali kuwa mwanachama na jina lake likaandikwa katika daftari la wanachama. Hizo ni sharti mbili, kukubali na kuandikwa. Kupeana mikono kwatimiza ile ya kwanza peke yake.

Tena yapasa kujua kuwa mgeni ana milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni kununua hisa za mmoja katika washirika wa kale. Wa pili ni kampuni yenyewe kutoa hisa mpya. Wengi huichanganya, na tofauti yake ni kubwa. Natutoe mfano.

Zaid na Amri wana kampuni ya hisa 1,000. Zaid ana 600, Amri ana 400. Mali ya kampuni, baada ya kutoa madeni, ni shilingi 2,000,000. Basi kila hisa ni shilingi 2,000. Bakari yuaja na shilingi 500,000.

Akinunua hisa 250 za Zaid, fedha ni za Zaid, na kampuni haipati hata senti. Hisa zabaki 1,000: Zaid 350, Amri 400, Bakari 250. Bakari ana 25 kwa mia, na Amri sasa ndiye mwenye fungu kubwa.

Kampuni ikimtolea hisa mpya 250, fedha zaingia katika sanduku la kampuni. Hisa zawa 1,250. Zaid ana 48 kwa mia, Amri 32, Bakari 20. Zaid, ambaye jana neno lake peke yake lilitosha katika kura ya kawaida, leo hatoshi. Fedha ni zile zile, na mafungu si yale yale. Asiyeuliza ni mlango gani hajui alichokinunua, wala aliyeuza hajui alichokitoa.

Kwa hivyo, kabla ya kumpokea mgeni, yafanyike haya. Kwanza, mali na madeni yahesabiwe, bei ya hisa ijulikane. Pili, zisomwe kanuni za kampuni, kwani kampuni ya watu khasa huwekea mpaka uuzaji wa hisa, na wanachama wake, pasi na kuhesabu wafanyakazi, hawazidi 50. Hisa mpya nazo huonyeshwa wa kale kwanza, ila kanuni ziwe zimeondoa haki hiyo. Tatu, ikiwa ni kununua, iandikwe hati ya kuhamisha hisa na ulipwe ushuru wa stempu. Ikiwa ni hisa mpya, Msajili wa Makampuni apelekewe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Nne, jina liandikwe daftarini, na mgeni apewe cheti chake mkononi.

Na mgeni naye ajihadhari. Akiahidiwa kiasi maalumu kila mwezi, biashara ipate isipate, huyo ni mkopeshaji aliyevikwa jina la mshirika, na ziada ile ni riba. Katika madhehebu yetu ya Shafi, faida na khasara za washirika hufuata kadiri ya mali zao. Tena akitia saini dhamana ya deni la kampuni kwa nafsi yake, ule mpaka wa dhima hautamkinga na deni hilo.

Wako wasemao: "Kumuandikisha ndugu yangu ni kumtuhumu." Hili ni kosa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, yaamrisha deni liandikwe na washuhudie watu, na walioambiwa hayo kwanza ni Masahaba. Nani mwaminifu kuliko wao?

Kadhi, kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ana uwezo wa kuhukumu mirathi ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Lakini kadhi hugawa kilichothibiti kuwa cha maiti. Basi ewe uliyetoa fedha zako katika kampuni ya nduguyo, mwendee leo, mlifunue daftari pamoja, mtazame jina lako. Likiwa halimo, liandikwe nyote mngali hai.

Wallahu aalam.