SOMO LA KUMI NA NANE: PICHA ZINAZOTEMBEA KATIKA KOMPYUTA

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi jicho linavyoona vitu. Katika somo hili utajifunza jinsi kompyuta inavyoonyesha picha zinazotembea, yaani video. Utajifunza pia namna ya kuitayarisha kompyuta kwa kazi hiyo, na namna ya kutafuta chanzo video inapokataa kuonekana.

Jaribio: Kutengeneza picha inayotembea

Vifaa: daftari kuukuu na penseli.

Fanya hivi:
1. Katika pembe ya karatasi ya mwisho ya daftari, chora mtumbwi mdogo ulio juu ya maji, upande wa kushoto.
2. Katika karatasi inayoitangulia, chora mtumbwi huo huo, lakini usogeze kidogo kuelekea kulia. Endelea hivyo mpaka upate michoro 20.
3. Zishike pembe za karatasi kwa kidole gumba. Ziachie upesi, moja baada ya nyingine, ukianzia karatasi ya mwisho.

Unaona nini? Bila shaka unaona mtumbwi ukivuka mto. Lakini hakuna mchoro hata mmoja uliotembea. Picha zinapopita upesi, macho na ubongo huziunganisha zikaonekana kuwa mwendo mmoja. Video hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Katika sinema hupita picha 24 kila sekunde. Katika televisheni ya Tanzania, picha 25.

Kwa nini video hubanwa?

Picha katika kompyuta imefanyizwa kwa nukta ndogo sana za rangi. Chukua picha yenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa urefu. Jumla yake ni nukta 307,200. Kila nukta huhitaji baiti 3 ili kuandika rangi zake, yaani nyekundu, kijani na buluu. Basi picha moja huhitaji baiti 921,600. Picha 25 za sekunde moja huhitaji baiti 23,040,000, na dakika moja huhitaji baiti 1,382,400,000. Flashi yenye nafasi ya baiti 8,000,000,000 ingejaa kabla ya dakika 6 kwisha!

Kwa sababu hiyo video hubanwa. Itazame tena michoro yako. Maji na ukingo wa mto havikubadilika. Kilichobadilika ni mahali ulipo mtumbwi. Hivyo haifai kuandika upya maji na ukingo katika kila picha. Inatosha kuandika picha nzima mara moja, kisha kuandika yale yaliyobadilika tu. Hii ni mojawapo ya njia za kubana video.

Video iliyobanwa haiwezi kuonekana mpaka ikunjuliwe. Sehemu ya programu inayojua kanuni za kubana na kukunjua huitwa kodeki. Kuna kodeki za picha na kodeki za sauti, na kila moja ina kanuni zake. Kompyuta isiyo na kodeki inayotakiwa ni kama mtu aliyepewa barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Macho yake ni mazima na barua ni nzima, lakini hawezi kuisoma.

Kompyuta yenye Linux

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuigawa bila kulipa. Hapa Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika mradi ulioitwa Kilinux. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Baadhi ya kodeki zina haki za wavumbuzi zilizosajiliwa katika nchi kadhaa. Kwa hiyo aina nyingine za Linux hazitolewi pamoja na kodeki hizo. Mtumiaji huziongeza mwenyewe. Njia rahisi ni kuweka programu iitwayo VLC, ambayo ilianzishwa na wanafunzi karibu na Paris na ina kodeki nyingi ndani yake.

Tuseme shule moja ya Malinyi, katika bonde la mto Kilombero, ina kompyuta yenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Mwalimu ameleta video kuhusu kilimo cha mpunga, lakini haionekani. Je, kompyuta ipelekwe kwa fundi Ifakara? Tangu daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, wasafiri hawangoji tena kivuko. Hata hivyo, safari ni ndefu, nauli ni fedha, na kompyuta yenyewe huenda ni nzima. Yafaa kuchunguza kwanza.

Fanya hivi pamoja na mwalimu wako:
1. Unganisheni kompyuta na intaneti kwa kutumia simu.
2. Fungueni dirisha la amri. Andikeni: sudo apt update kisha bonyezeni kitufe cha Enter. Kompyuta itauliza neno la siri la msimamizi. Mwalimu aliandike. Herufi zake hazitaonekana. Hilo si kosa.
3. Andikeni: sudo apt install vlc kisha bonyezeni Enter. Kompyuta ikiuliza kama iendelee, kubalini. Ngojeni mpaka kazi iishe.
4. Fungueni video kwa VLC.

Intaneti huhitajika wakati wa kuweka programu. Baadaye video iliyomo katika kompyuta huonekana bila intaneti, hata wakati wa masika ambapo maji husambaa bondeni.

Kutafuta chanzo cha kosa

Kama video bado inakataa, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Video haifunguki kabisa: ijaribu katika kompyuta nyingine. Ikikataa huko pia, huenda faili limeharibika. Ikikubali, chanzo kimo katika kompyuta ya kwanza.

Picha ipo, sauti haipo: angalia kwanza kama sauti imefungwa au waya wa spika umechomoka. Kisha jaribu video nyingine. Ikiwa na sauti, spika si mbovu.

Picha inakwamakwama: nakili video kutoka katika flashi uiweke ndani ya kompyuta, kisha funga programu nyingine.

Usifute faili wala kulaumu kifaa kabla ya kujua chanzo.

Mambo ya kukumbuka
1. Video ni picha nyingi zisizotembea zinazopita upesi.
2. Video hubanwa ili ichukue nafasi ndogo.
3. Kodeki huikunjua video iliyobanwa.
4. Kifaa kisichofanya kazi si lazima kiwe kibovu.

Maswali
1. Eleza kwa nini mtumbwi katika daftari lako ulionekana kutembea.
2. Video ya dakika 2 katika televisheni yetu ina picha ngapi?
3. Video ya mtu aliyeketi na video ya wachezaji wa mpira zina urefu sawa. Ipi itabanika zaidi? Kwa nini?
4. Video inatoa sauti lakini picha haionekani. Taja mambo mawili utakayochunguza, na ueleze kila jambo litakufundisha nini.