Fosfeti katika Protini na Usalama wa Figo Iliyopandikizwa

Mgonjwa aliyepandikizwa figo, tiba ambayo tangu mwaka 2017 hutolewa pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, huagizwa kumeza dawa za kutuliza kinga kila siku kwa saa zilezile, hata ajisikiapo mzima kabisa. Sababu mojawapo ya agizo hilo imo ndani ya seli zake za kinga, katika protini iitwayo NFAT.

Kazi ya NFAT ni kuamsha jeni. Kwa hiyo haina budi kuingia katika kiini cha seli, zilimo jeni hizo. Seli T inapotulia, NFAT hukaa nje ya kiini, katika saitoplazimu. Huzuiwa huko na vikundi vya fosfeti vilivyounganishwa nayo kikemia, ambavyo huipa umbo linaloficha sehemu yake iliyo mfano wa kibali cha kuingilia kiinini.

Seli T ikizitambua seli za figo ya mtu mwingine kuwa ngeni, kalsiamu huongezeka ndani yake. Kalsiamu hukiamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, nacho huziondoa fosfeti. Kibali hufunuka, na NFAT hupitishwa katika matundu ya utando wa kiini. Humo huamsha, miongoni mwa nyingine, jeni ya interlukini-2, protini inayozichochea seli T kuongezeka. Zikiachwa, seli hizo huishambulia figo. Kalsiamu ikipungua, vimeng'enya vingine huirudishia NFAT fosfeti zake, nayo hutolewa nje.

Dawa za saiklosporini na takrolimasi huizuia kalsinurini. Haziiharibu NFAT, bali huizuia isiingie katika kiini. Hivyo kinga yao hudumu maadamu dawa imo mwilini kwa kiasi cha kutosha. Dozi zikirukwa, kalsinurini hufunguliwa, fosfeti huondolewa, na njia ya kuikataa figo huwa wazi.

Hata hivyo, kuzidisha dozi kuna hatari yake. Kinga ikilegezwa mno, maambukizi hupata nafasi. Tena kalsinurini hufanya kazi katika viungo vingine pia, na dawa ikizidi huweza kuidhuru figo ileile inayolindwa. Ndiyo maana daktari hupima kiwango cha dawa katika damu, na mgonjwa hapaswi kuongeza, kupunguza wala kuacha dozi pasipo ushauri wake.